Migomba Kumi na Miwili ya Baba Mdogo

Jumanne, tarehe mbili Julai, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yangu hapa Hamugembe, nikimenya ndizi. Nilikuwa nimejipaka mafuta viganjani ili utomvu usinigande, kwa hiyo simu ilipoita niliipokea kwa kifundo cha kidole na kuiegemeza kwenye mkungu. Alikuwa mama, kutoka Muleba.

"Wamepanda migomba," alisema, bila salamu.

"Nani? Wapi?"

"Shemeji yangu. Kule kwenye mawe."

"Mama, hakuna mtu anayepanda migomba mwezi wa saba."

"Ndiyo maana nakupigia."

Niliweka kisu chini. Kiangazi kilikuwa kimeshika, udongo wa bustani yangu ulikuwa mkavu kama majivu, na hata mvivu wa mwisho katika mkoa wetu anajua kwamba mche wa mgomba husubiri mvua za Septemba. Anayepanda mgomba Julai hatafuti ndizi. Anatafuta kitu kingine, nami nilikijua.

Kwetu ardhi ni za aina mbili, na aliyekulia hapa hazichanganyi. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo ndimo wanamozikwa wazee, na humo ukoo huhesabu kila shina na kila mpaka. Halafu kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba, ardhi maskini yenye changarawe, ambako wanawake walikwenda kukata nyasi za kutandaza na kulima njugu mawe. Sikuwahi kusikia mwanamume wa ukoo wetu akigombania rweya. Ingekuwa sawa na kugombania kinu.

Ilikuwa huko rweya, mimi nikiwa bado sekondari, ambako jembe la mama liligonga mwamba. Ulikuwa mwamba uliolala kwa tabaka, ambao ukiupiga mahali panapostahili unaachia vipande bapa, tayari kwa msingi wa nyumba. Mama hakulalamika kuhusu njugu zake. Aliazima nyundo. Baada ya miaka michache yeye na majirani zake wawili walikuwa wakipasua mawe ya kujengea na kuponda kokoto, na ada yangu ya chuo ilitoka hapo. Baadaye tukaelezwa kwamba mawe nayo ni madini, kwamba madini ni mali ya taifa, na kwamba anayeyachimba sharti awe na leseni. Aliyekwenda ofisini alikuwa baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na viatu vya kwendea ofisini, na leseni ikatoka kwa jina lake. Baba alikuwa mtu mwema. Lakini hakuwahi kushika nyundo. Alishika leseni.

Alifariki mwaka jana, wakati wa masika. Siku ya kuondoa matanga ukoo uliketi. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Aliniacha mimi peke yangu, mwanamke mwenye mvi na shahada, mwalimu wa jiografia mjini Bukoba. Kwa hiyo kibanja kilikwenda kwa mdogo wake, baba yangu mdogo, kama mila inavyotaka, na mama akaruhusiwa kubaki ndani ya nyumba. Mimi nilipewa daftari. "Mwandiko wako mzuri," waliniambia, "andika muhtasari." Niliandika mipaka yote, mmulamula kwa mmulamula, ile miti inayopandwa kuonyesha mipaka. Niliandika mti wa kahawa alioupanda babu na mtumbwi wa kukamulia pombe. Mwishoni nikauliza, "Na kule kwenye mawe?"

Baba Mdogo hakugeuza hata shingo. "Andika mambo ya maana. Rweya ni habari za wanawake."

Nikayaandika maneno hayo kama alivyoyasema, na wote wakatia saini au dole gumba.

Sentensi hiyo ingeishi kwa amani ndani ya daftari kama barabara isingekuja. Mkandarasi alianza kazi upande wetu, akahitaji kokoto, na malori yakaanza kupanda kilima kumtafuta mama. Ndani ya mwezi mmoja rweya ilikoma kuwa habari za wanawake. Nilipofungua shauri Mahakama ya Mwanzo niteuliwe kuwa msimamizi wa mirathi ya baba, ili leseni isife pamoja na jina lake, Baba Mdogo aliweka pingamizi. Alidai kwamba machimbo yako ndani ya kibanja cha babu. Kwamba baba alichukua leseni kwa niaba ya ukoo. Na kwamba kwa hiyo leseni inarudi kwa ukoo, maana yake kwake. Mahakama ingekubali hivyo, mama angeliacha shimo alilolifungua kwa mikono yake na kuishi kwa hisani ya shemeji.

Nilitoa daftari. Baba Mdogo alicheka mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, aliyeandika ni nani? Si yeye? Huyu amesoma mpaka amekuwa mwanamume. Chuo kilimfundisha kila kitu isipokuwa kukaa chini."

"Nimekaa chini, Baba Mdogo," nilijibu. "Ndiyo maana niliweza kuandika."

Hakimu, kijana mtulivu aliyehamishiwa Kagera mwaka huo huo, alitunyamazisha wote wawili. Alisema daftari peke yake halimtoshi, na kwamba atakwenda kuona kwa macho yake kama machimbo yako kibanjani au nje ya kibanja. Akapanga ziara mwishoni mwa Julai. Siku chache baadaye ndipo mama akapiga simu.

Jumamosi nilifika. Walikuwa wameipanda migomba kumi na miwili kwa safu mbili kati ya shimo la mawe na ukingo wa kibanja, kila mmoja ndani ya tundu lililochimbwa kwa shida, majani yakiwa yamepunguzwa. Lilikuwa daraja la migomba, lililojengwa ili kibanja kivuke na kuufikia mwamba. Nilisimama pale nikasikia furaha isiyo nzuri ikinipanda. Ofisa mmoja wa madini alikuwa ameniambia, "Leseni haioti kwenye mgomba, dada," lakini mbele ya mahakama ya mirathi swali lilikuwa la ardhi, na ardhi kwetu husemewa na mgomba. Sasa ningepewa shahidi bora kuliko daftari. Wiki tatu za jua, juu ya mwamba, bila tone: hakimu angekuta majani makavu.

"Usiiguse," nilimwagiza mama. "Usiing'oe, usiipite karibu. Jua litasema."

Mama aliitikia kwa sauti ndogo ambayo nilipaswa kuitilia shaka.

Nilirudi baada ya siku kumi na tano, nikiwa nimebeba kamera ya kupigia picha uharibifu. Migomba ilikuwa imesimama. Ilikuwa imetoa majani mapya, yale yanayochomoza yamejiviringisha kama barua. Kila shina lilikuwa limezungushiwa nyasi kavu, zimetandazwa kwa adabu, na nilipoingiza kidole chini yake udongo ulikuwa na unyevu. Mmoja tu ndio uliokuwa umekufa. Nilimkuta mama machimboni akiponda kokoto na kitambaa kimefungwa usoni.

"Mama, nani anamwagilia migomba ile?"

Aligonga jiwe mara mbili zaidi kabla ya kujibu. "Ilikuwa inalia."

"Inalia?"

"Wewe umekaa mjini. Mimi napita pale asubuhi na jioni. Nitapitaje mgomba unaokufa kwa kiu na mimi nina dumu mkononi?"

"Mama, unamwagilia ushahidi wa adui yetu!"

"Namwagilia mgomba. Mgomba haujamshitaki mtu."

Chemchemi iko chini kabisa ya mteremko. Mwanamke aliyepita miaka sabini alikuwa akipandisha maji kwa dumu kuinywesha mitego aliyotegewa yeye mwenyewe. Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba huruma yake ndiyo iliyowafanya wamkalie kichwani maisha yake yote. Kwamba angeweza angalau mara moja kuacha kitu kife. Alifungua kitambaa usoni, akajifuta vumbi, akaanza kupanda kuelekea kwenye migomba, nami nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya.

Alisimama kwenye mgomba wa kwanza na kunyanyua jani.

"Tazama kikonyo hiki. Tazama shina, lilivyo nene na changa. Na rangi hii. Ni mgomba gani?"

"Sijui, mama."

"Jiografia," alisema, akicheka kwa pua. "Huu si wa babu yako. Ni wa ile ya kituo cha utafiti, tuliyogawiwa wakati migomba yetu ilipougua. Shemeji yangu alichimbua machipukizi yanayoota haraka, hakufikiria zaidi."

"Unautambuaje ukiwa mdogo hivi?"

"Wewe unawatambuaje wanafunzi wako kwa visogo?"

Nilipiga magoti kwenye changarawe kuutazama karibu. Babu alifariki nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Miche ile ilipoletwa, mimi nilikuwa mwalimu tayari.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nisikudanganye. Nilianza kwa huruma. Ulipotoa majani ndipo nikautambua." Akalishusha jani taratibu. "Ungeacha ukauke, ungekuta nini? Mgomba uliokauka hauna jina. Shemeji yangu angesema ni kiangazi kimeua migomba ya babu, na nani angembishia?"

Nilimwomba radhi. Alisema nichukue dumu.

Hakimu alikuja siku aliyoahidi, pamoja na karani na mwenyekiti wa kitongoji. Baba Mdogo alivaa koti la suti juu ya shati jeupe, na alikuja na shahidi wake, mdogo wake babu, mzee kuliko wote waliobaki katika ukoo, mwenye fimbo na kofia ya pama, ambaye kwa vibanja vyote vya jirani ni kama rejesta inayotembea. Majirani zetu wawili wa machimboni walisimama na nyundo zao. Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza.

Baba Mdogo alieleza kwa ufasaha. Alinyoosha mkono kutoka kwenye mmulamula wa mwisho wa kibanja hadi kwenye migomba kumi na mmoja iliyokuwa ikipepea kijani, akasema, "Mheshimiwa, migomba hii ni ya baba yetu. Inazaa, inachipua, inazaa, inachipua. Haijakatika hapa tangu enzi zake."

"Mbona midogo?" aliuliza hakimu.

"Ardhi ya mawe, Mheshimiwa. Imedumaa."

Mmoja wa majirani alikohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi. Mzee alithibitisha: ndiyo, hapa ni kibanja, ndiyo, migomba ni ya marehemu kaka yake. Alisema hayo akitazama ziwa kwa mbali. Kisha hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi.

Nilimwendea mzee nikapiga magoti na kumsalimia kwa Kihaya, kama nilivyofundishwa kabla sijafundishwa kusoma.

"Leo amekumbuka kupiga magoti!" Baba Mdogo aliwaambia watu.

"Magoti ni ya mzee, Baba Mdogo. Swali ni la mahakama." Nikasimama. "Waitu, mzee wangu, katika ukoo huu mtu akitaka kujua jina la mgomba huja kwako. Naomba umwambie Mheshimiwa: huu ni mgomba gani?"

Mzee aliutazama kwa mara ya kwanza. Aliinama. Alipitisha kidole kwenye kikonyo, akalikunja jani kidogo, akaligusa shina kwa fimbo. Naamini angeweza kuapa mbele ya mahakama yoyote kuhusu mpaka, kuhusu mirathi, hata kuhusu umri wake. Lakini alikuwa ameulizwa jina la mgomba, mbele ya wanawake waliolijua.

"Enshakala," Baba Mdogo alinong'ona, akitaja ndizi ya asili ya kwetu. "Sema enshakala."

Mzee alinyooka kana kwamba amechomwa. "Enshakala? Hii? Wewe mama yako alikulisha nini utotoni? Enshakala ndiyo hii?" Akamgeukia hakimu, amekasirika kweli. "Mheshimiwa, hii ni ndizi ya serikali."

"Serikali ina ndizi?"

"Ile ya watafiti. Walitugawia miche wakati wa ugonjwa. Mimi niliikataa, haina ladha."

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Mwaka sikumbuki. Lakini huyu binti alikuwa mwalimu tayari, maana ndiye aliyetusomea karatasi yao ya maelekezo."

"Na huyo marehemu kaka yako alikuwa amefariki?"

"Kaka yangu? Huyu binti alikuwa bado anabebwa mgongoni!"

Tulisikia kalamu ya karani. Mzee naye aliisikia, akatambua alipofika. Alimtazama Baba Mdogo, akatutazama sisi, akakita fimbo chini. "Nimeulizwa mgomba," alisema, "nimejibu mgomba."

Mwezi uliofuata pingamizi lilitupwa. Hakimu alisema machimbo yako nje ya kibanja, na kwamba leseni ni sehemu ya mirathi ya baba; niliteuliwa kuwa msimamizi, na hati ya uteuzi nikaipeleka ofisi ya madini siku ile ile. Nilidhani yameisha. Wiki ya pili ya Septemba nikaletewa barua kutoka kwa Baba Mdogo. Aliandika kwamba ukoo unataka amani, na kwamba amani itapatikana nikiikabidhi leseni kwa ukoo kwa hiari, naye atamruhusu mama aendelee kuponda kokoto. Nisipofanya hivyo atakata rufaa. Tena, siku nitakapokufa, kibanja hakitanipokea. Anayejua kwetu anajua uzito wa sentensi hiyo ya mwisho. Niliisoma mara nyingi. Siku ya pili nilimjibu, na kwa kuwa ni barua iliyosomwa mbele ya ukoo mzima, sioni sababu ya kuificha hapa.

Hamugembe, tarehe 11 Septemba

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Leseni sitaikabidhi. Mama ataendelea na kazi yake kule kwenye mawe bila kuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa huombwa kwa mwenye mali, na wewe siye.

Umesema nimeleta sheria za chuoni kuvunja mila. Naomba ukumbuke vizuri. Kibanja mlikichukua kwa mila, nami niliandika mpaka mmoja mmoja bila kufuta hata neno. Mila hiyo hiyo ndiyo inayosema rweya ni habari za wanawake. Ni maneno yako, na saini yako iko chini yake. Mimi niliyashika tu, mpaka ulipohitaji kuyakana.

Rufaa ni haki yako. Tarehe ikipangwa nitakuja, nami nitapiga magoti kukusalimia kabla ya kukujibu.

Kuhusu kaburi langu: sijui nitakufa lini, na siku hiyo sitakuwa na nguvu ya kuchagua. Kibanja kikinikataa, nizikeni rweya. Huko ndiko bibi zangu walikopindia migongo, na huko mama alinilipia ada. Msiponichimbia, wapo wanawake wenye nyundo watakaonichimbia.

Sasa nifikishe ujumbe wa mama. Mvua zimeanza. Anasema migomba yako kumi na mmoja imeshika, lakini chini yake ni mwamba, na mizizi ikishuka zaidi itakwama. Uje na jembe mapema, uing'oe pamoja na udongo wake, uihamishie kibanjani. Mmoja ulikufa kabla hajaanza kuumwagilia; kwa huo anakuambia pole. Usije na panga. Akikuta umekata hata mmoja atakushitaki yeye mwenyewe, na mimi nitamwandikia.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mtiifu kwako katika mengine yote.